Watoto wanne, baba mmoja, nyumba moja: kwa nini mmoja anaanguka na wengine wanasimama?

#1 Mnyaturu wa Mkoani
Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanisumbua na nimeona nilimwage hapa, maana humu kuna watu wa kila taaluma.

Kwetu tumezaliwa wanne. Baba alikuwa seremala, mtu wa watu akiwa mzima, ila jioni akishapitia kilabuni anageuka. Alikuwa na baiskeli ya Phoenix. Tukiwa kitandani tulikuwa tunasikiliza anavyoifikisha ukutani. Ikiegemezwa taratibu, usiku ule tutalala. Ikiangushwa tu, mama anatutoa mlango wa uani kwenda kwa jirani, na mdogo wetu wa mwisho anabebwa mgongoni akiwa usingizini. Ilienda hivyo mpaka namaliza darasa la saba.

Leo baba ni marehemu na sisi ni watu wazima. Kaka mkubwa anakunywa kuliko baba. Mimi nina familia na kazi, ingawa mke wangu anasema kitu kikianguka usiku huwa nishasimama kabla sijaamka. Dada anayenifuata ana kazi nzuri, nyumba yake, hana tatizo lolote. Wa mwisho, yule aliyekuwa anabebwa amelala, ndiye ameanguka kabisa. Hatoki ndani, halali, chuo aliacha. Mwaka jana daktari alisema ni sonona kali, akamwanzishia dawa.

Kila mtu ananiambia chanzo ni utotoni. Kama ni utotoni, mbona nyumba ilikuwa moja na sisi tumetoka tofauti? Na inakuwaje ambaye hakuona karibu chochote ndiye mgonjwa zaidi?

#2 Kiongozi wa Kijiwe
Nakaa hapa hapa. Kwetu haikuwa baiskeli, ilikuwa kikohozi. Mzee akikohoa nje kwa namna fulani, nyumba nzima inajifanya imelala.

#3 Bakora Tatu
Pole kwa mdogo wako mkuu, lakini tuambiane ukweli. Kizazi chetu kilichapwa nyumbani, kikachapwa shule, kikachapwa na jirani, na bado tumejenga na tunasomesha. Siku hizi mtu akikosa usingizi siku mbili anasema ana kiwewe cha utotoni. Huyo ni kitinda mimba. Alidekezwa, akakutana na dunia isiyodekeza mtu. Hapo hakuna cha kuita wataalamu.

#4 Nesi Zamu ya Usiku
Bakora Tatu, wataalamu waliliona jambo hili mahali ambapo hakuna aliyelitarajia: kliniki ya kupunguza unene. Miaka ya 1980 huko San Diego, Marekani, daktari Vincent Felitti alikuwa na programu ya watu wanene sana. Watu walipungua kweli, halafu wale waliopungua vizuri ndio waliokuwa wanaacha na kupotea. Alipoanza kuwauliza maisha yao akakuta wengi walidhalilishwa kingono wakiwa watoto. Kwa baadhi yao mwili mkubwa ulikuwa kinga ya kutotamaniwa na mtu.

Akaungana na Robert Anda wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wakawauliza watu zaidi ya 17,000 kuhusu yaliyowapata kabla ya miaka 18: kupigwa, kutukanwa, kudhalilishwa, mama kupigwa, mzazi mlevi, mzazi mgonjwa wa akili, mzazi kufungwa, wazazi kuachana, na kadhalika. Kila aina ni alama moja. Matokeo yalitoka 1998. Mwenye aina nne au zaidi, hatari yake ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12 ya yule asiye na hata moja.

Mleta uzi, nyumba yenu naihesabia mbili bila kukuuliza: mzazi mlevi na mama kupigwa. Kama na nyinyi mlipigwa, tatu.

#5 Bakora Tatu
Wanene wa San Diego wanahusiana vipi na Singida? Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tulivyofundishwa.

#6 Mama Pacha
Ukimkunja kwa hasira anakatika, kaka yangu. Endelea Nesi, tunakusikiliza.

#7 Takwimu Kwanza
Nesi ameeleza vizuri, narekebisha machache.

Ripoti ya 1998 yenyewe ilikuwa ya watu 9,508 na aina saba za madhila. Hiyo 17,000 ni jumla ya awamu mbili, na orodha ya aina kumi ilikuja baadaye. Wazazi kuachana, kwa mfano, hakumo kwenye ile saba ya mwanzo. Halafu waliohojiwa walikuwa watu wenye bima ya afya, wengi wao weupe na waliosoma. Hilo linampinga Bakora Tatu pia, kwa sababu hawakuwa maskini wa kutupwa, na bado karibu theluthi mbili walikuwa na angalau alama moja.

Lakini kubwa ni hili: mwaka 2020 Anda mwenyewe na wenzake waliandika kuonya kwamba alama ile isitumike kumpima mtu mmoja mmoja. Haijui ulipigwa mara ngapi, ulikuwa na umri gani, na nani alikuwa upande wako. Mleta uzi na ndugu zake, jumla wanne, wanapata alama ileile. Ndiyo maana alama haiwezi kujibu swali lake.

#8 Mnyaturu wa Mkoani
Asante. Na ndiyo, kupigwa tulipigwa, ila si wote sawa. Kaka mkubwa alikuwa anasimama mlangoni kumzuia baba. Yeye alipigwa sehemu yetu wote.

#9 Kiongozi wa Kijiwe
Hapo mkuu umejijibu nusu ya swali lako mwenyewe. Nyumba ilikuwa moja ila utoto haukuwa mmoja.

#10 Nesi Zamu ya Usiku
Kwa wanaotaka ya hapa kwetu: mwaka 2009 Tanzania ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, UNICEF, CDC na Chuo Kikuu cha Muhimbili wakishirikiana na serikali. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Kupigwa ngumi, mateke au viboko ilikuwa karibu robo tatu ya wote, wavulana kwa wasichana. Kenya nao walifanya 2010, wakarudia 2019.

Nayaona haya kazini. Mtu analetwa usiku na familia, amepasua vioo vya nyumba nzima, wote wanasema ni bangi. Bangi ipo kweli. Ukikaa naye asubuhi akiwa ametulia, ukamuuliza ulilelewa na nani, anaanza kuhesabu nyumba kwa vidole: kwa bibi, kwa mjomba, kwa mama wa kambo, kwa mama tena, mtaani.

#11 Mwalimu wa Muleba
Naingia kwa mambo mawili, moja la kazi na moja la kwangu.

La kazi. Watu wanazungumza viboko kama kwamba havina utaratibu. Kanuni zipo tangu 1979 na zilirekebishwa 2002: mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, kila tukio liandikwe kitabuni. Kitabu hicho nimewahi kukiona shule moja. Kilikuwa kipya, karatasi bado zimegandana, na pembeni ya kabati kulikuwa na fungu la fimbo za mpera zilizolainika kwenye mshiko. Asiniambie mtu kwamba watoto wale walichapwa vinne.

La kwangu. Mimi ni yatima wa Kagera wa miaka ile ya UKIMWI. Kuna watafiti waliowafuatilia watoto wa mkoa wetu kuanzia 1991 na wakawatafuta tena 2004. Waliofiwa na mama kabla ya kufika miaka 15 walitoka wafupi kwa karibu sentimita 2 na wamesoma pungufu kwa karibu mwaka mzima. Nilipoisoma nilikaa kimya muda mrefu. Mimi ni mfupi kuliko kaka zangu wote wakubwa.

Ila kufiwa kwenyewe nilikubeba. Kilichonivunja ni tulipogawanywa baada ya matanga, huyu Karagwe, huyu Mwanza, mimi kwa baba mdogo. Hakuna aliyetuuliza. Mpaka leo watu wakikaa kikao na kushusha sauti, tumbo linanikata.

#12 Bakora Tatu
Mwalimu pole sana kwa hayo. Kufiwa ni kufiwa, sibishi. Ninachobishia ni kuchanganya kila kitu kwenye kapu moja. Kiboko cha mzazi anayekupenda si sawa na kipigo cha mlevi, na si sawa na msiba.

#13 Takwimu Kwanza
Hoja hiyo si ya kudharau. Wapo watafiti wanaotenganisha kutishiwa na kunyimwa: kupigwa ni kutishiwa, kutelekezwa ni kunyimwa, na inaelekea kila moja ina njia yake ya kumgusa mtoto. Ila "kiboko cha upendo" mtoto anakijua vipi kuwa ni cha upendo?

#14 Mama Pacha
Akiulizwa hapo atakimbilia uzi wa mpira.

#15 Bint Mkunazini
Assalaam alaykum. Mie n'nakuja na yangu.

Nililelewa kwa shangazi. Nilikuwa n'nakojoa kitandani hadi nshakuwa mkubwa wa skuli. Adhabu yangu kulichukua godoro kichwani, kupita nalo njiani asubuhi watoto wanaokwenda skuli waone, hadi nyumba ya tatu, kisha nirudi. Shangazi hajanipiga hata siku moja. Kwenye orodha ya Nesi sijui hiyo utaipa alama ngapi.

Baadae wakasema nna shetani. Nikapelekwa kwa maalim, nikaandikiwa kombe, aya za Qur'ani kwenye sahani, zikaoshwa nikanywa maji yake. Watu watacheka, lakini nikapata nafuu. Yule maalim alikuwa mtu wa mwanzo kuniuliza, mwanangu una nini, na akanyamaza kusubiri jawabu.

Sasa mie mtu mzima na watoto wangu, na bado siwezi kulala nyumba ya mtu. Safari ya harusi lazima nitafute usafiri wa kurudi usiku huohuo.

#16 Sauti ya Nyikani
Mleta uzi, nakuuliza swali moja. Babu yako mzaa baba alikuwa mtu wa namna gani?

#17 Mnyaturu wa Mkoani
Simjui. Nasikia alikunywa pia. Baba alipelekwa akiwa mdogo kuchunga ng'ombe kwa ndugu huko mbali na hakurudi nyumbani mpaka amebalehe. Hakuwahi kutusimulia zaidi ya hapo.

#18 Sauti ya Nyikani
Umeona mwenyewe. Babu, baba, kaka. Hicho ni kifungo cha ukoo na kinapita kwa wazaliwa wa kwanza. Nimeona familia nyingi zikifunguliwa kwa maombi na toba. Sikatazi dawa. Nasema dawa inagusa mwili, na huko kuna jambo la roho.

#19 Damu Nzito
Unaita kifungo, mimi naita vinasaba. Ulevi na sonona vyote vina sehemu ya kurithi, na hilo linaonekana kwenye tafiti za mapacha. Dunedin, New Zealand, waliwafuatilia watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973. Mwaka 2003 wakaonyesha kwamba wenye aina fulani ya jeni inayohusika na serotonini, kemikali ya ubongo, ndio waliopata sonona zaidi baada ya mateso kuliko wengine. Hilo ndilo jibu la watoto wanne: mateso mamoja, jeni tofauti.

#20 Takwimu Kwanza
Dunedin ni utafiti wa heshima, ila hiyo ya 2003 haijasimama. Wengi walijaribu kuirudia, wengine wakashindwa, na 2019 ukatoka uchambuzi wa watu laki kadhaa ambao haukuona dalili kwamba jeni ile, au nyingine zilizokuwa zimezoeleka kutajwa, inafanya kazi hiyo. Urithi upo, ila umetawanyika kwenye jeni nyingi mno, kila moja na mchango mdogo. Hakuna jeni moja ya kuwagawa hao ndugu wanne.

#21 Kiongozi wa Kijiwe
Mimi naona mnaenda mbali. Babu alikunywa, baba alikunywa, kaka anakunywa. Je, kilabu kiko wapi?

#22 Mnyaturu wa Mkoani
Nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mpaka leo kipo.

#23 Kiongozi wa Kijiwe
Basi. Laana, vinasaba na kilabu vyote vinaeleza mambo yaleyale, na kimoja tu kati ya hivyo unaweza kukipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.

#24 Nesi Zamu ya Usiku
Narudi kwa huyu wa mwisho, maana mleta uzi amesema "hakuona karibu chochote". Kulala si kutosikia.

Chuo Kikuu cha Oregon, mwaka 2013, walitoa utafiti wa watoto wachanga wa miezi 6 hadi 12 waliopimwa ubongo kwenye mashine wakiwa wamelala usingizi wao wa kawaida. Wakachezewa sauti ya mtu mzima, mara ya kawaida, mara ya hasira. Watoto ambao mama zao walisema nyumbani kuna ugomvi mwingi, ubongo wao uliitikia zaidi ile sauti ya hasira, hasa sehemu zinazohusika na msongo na hisia. Wamelala fofofo.

Na umri ni jambo kubwa. Romania, baada ya utawala wa dikteta Ceaușescu kuanguka Desemba 1989, dunia iliona watoto waliojazwa kwenye vituo, mlezi mmoja kwa watoto chungu nzima. Baadaye Bucharest, mji mkuu wao, watafiti wakachukua watoto 136, kwa kura nusu wakatafutiwa familia za kuwalea na nusu wakabaki katika malezi ya kawaida ya vituo. Waliopata familia kabla ya miaka miwili, kwa mambo mengi, walijirudi vizuri kuliko waliochelewa. Ubongo wa mtoto mchanga ndio unapangwa. Kaka mkubwa alipata hofu akiwa na maneno ya kuieleza. Mdogo wenu aliipata bila neno hata moja, na mwili ukabaki umekaza.

#25 Takwimu Kwanza
Ule wa Oregon ulikuwa na watoto kama 20 tu. Mzuri, lakini mdogo. Usiubebeshe ndugu wa mtu. Na kwa hesabu yako, wa mwisho kwenye kila familia yenye ugomvi angekuwa ndiye mgonjwa. Sivyo ilivyo.

#26 Damu Nzito
Heri wa kwangu ulikuwa na 1,037.

#27 Mtoto wa Nyarugusu
Jambo wote. Mimi ni wa Uvira, tulivuka ziwa 1996 nikiwa mtoto, nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Sasa niko nje.

Nasoma nyote mnatafuta kilichotokea zamani. Mimi niliona watu waliopita njia moja na sisi, wameona maiti zilezile. Kambini aliyepatwa na ugonjwa wa mawazo hakuwa lazima aliyeona mabaya zaidi. Mara nyingi ni yule aliyekaa bila kazi, bila ruhusa ya kutoka, mwaka baada ya mwaka, chakula kinapunguzwa, anaambiwa subiri. Mtu aliyepata kashamba ka kulima kwa mwenyeji, hata kwa kujificha, alikuwa anacheka. Kwa hiyo mimi nauliza: huyo mdogo wako leo anaishije? Ana shughuli? Ana pesa ya kwake?

Binamu yangu alikuwa Nakivale, Uganda. Huko Wajerumani wa Chuo Kikuu cha Konstanz walifundisha wakimbizi wenzetu kutibu kwa masimulizi. Wanatandika kamba chini, ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Unaweka jiwe kwa kila baya na ua kwa kila jema, kisha unasimulia kuanzia mwanzo, yote yanaandikwa, siku ya mwisho unasomewa. Binamu alisema jiwe la vita alilitegemea. Lililomliza ni jiwe dogo la siku aliyofukuzwa shule kwa kukosa daftari.

#28 Mluhya Mpole
Hodi kutoka Bungoma. Hiyo ya kufundisha watu wa kawaida imefanyika kwetu pia, na huko kwenu Moshi. Walikuwa watoto waliofiwa na wazazi, 640 kwa jumla, na waliowashauri hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Matokeo yalichapishwa 2020. Hayakuwa sawa kila mahali, lakini kwetu Kenya watoto walisaidika vizuri.

Mpwa wangu alipitia mafunzo ya aina hiyo kanisani kwetu. Alikuwa hataki mtu yeyote ataje jina la mamake. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kuandika mambo mazuri ya mamake, na jambo la kwanza aliloandika ni kwamba alikuwa anachoma mahindi akiimba vibaya.

Kuhusu viboko, shule zetu vilipigwa marufuku 2001. Walimu wengine bado wanavitumia, sidanganyi, lakini angalau mzazi ana pa kushtaki.

#29 Mama Pacha
Mmeongea walevi na vita, hakuna aliyetaja bweni. Nilipelekwa bweni darasa la kwanza, na wazazi wangu walinipenda, walijinyima kunilipia. Nilikuwa sijui kufunga kamba za viatu. Matron alikuwa anatupanga foleni, asiyejua anavaa viatu kamba zikiburuta siku nzima. Nilishukuru sana 2023 serikali ilipokataza bweni kuanzia chekechea hadi darasa la nne, ingawa kuna shoga zangu walilalamika watawaacha watoto na nani. Na wana hoja, mama wa zamu ya usiku afanyeje?

#30 Bint Mkunazini
Mama Pacha umenikumbusha mbali. Afadhali yako walikuwa wanakuja siku ya wageni.

#31 Mnyaturu wa Mkoani
Wakuu, nimempigia dada simu jana usiku. Nilimwambia nimewaandika humu bila majina. Nikamwambia nimesema wewe huna tatizo lolote. Akacheka, kisha akasema, "Nani alikuambia?"

Kumbe hajawahi kupika na mtu nyuma yake. Msichana wa kazi akiingia jikoni yeye anatoka. Nyumba yake ina milango mitatu ya kutokea nje na alimbana fundi mpaka akaiweka. Nimekula kwake mara nyingi sana na sikuwahi kuona.

Nikamuuliza ulipitaje salama. Akasema yeye alikuwa anasubiri baiskeli ianguke. Ndiyo, alikuwa anaitaka. Kwa sababu kwa yule jirani kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa anasuka mikeka usiku kwa taa ya chemli, na alikuwa anamwachia dada mwanzo wa mkeka, amalizie safu yake. Sisi wengine tulikuwa tunafika pale tunalala. Yeye alikuwa anaenda kazini kwake.

#32 Mwalimu wa Muleba
Hilo linajulikana. Kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto wote waliozaliwa 1955, 698 kwa jumla. Kati ya waliokulia kwenye mazingira mabaya zaidi, umaskini, ulevi, wazazi wagonjwa, karibu theluthi moja walikuwa watu wazima wenye afya na upendo. Jambo mojawapo lililojirudia kwao ni mtu mzima mmoja aliyewajali kwa dhati, hata kama si mzazi. Bibi, mwalimu, jirani. Kwangu alikuwa mpishi wa shule.

#33 Takwimu Kwanza
Sawa, lakini mtoto naye anachangia. Huenda dada alikuwa mtoto wa kukaa karibu na watu, ndiyo maana bibi akampa mkeka. Werner mwenyewe aliona hao watoto tangu wachanga walikuwa na hulka inayovuta watu.

Na kuna jambo lingine gumu zaidi. Marekani kuna watu waliofuatiliwa tangu utotoni, kesi zao za kuteswa zikiwa zimethibitishwa mahakamani kati ya 1967 na 1971, pamoja na wenzao wa kulinganisha wasio na kesi. Walipokuwa watu wazima waliulizwa wanakumbuka nini. Uchambuzi wa watafiti Danese na Widom wa 2020 ulikuta kwamba waliokumbuka kuteswa walikuwa na matatizo ya akili zaidi, hata pale ambapo rekodi ya mahakama haikuwepo. Waliokuwa na rekodi lakini hawakumbuki au hawakusema, hatari yao haikupanda sana. Yaani namna mtu anavyoyabeba aliyopitia inaweza kuwa na uzito kuliko tukio lenyewe lilivyoandikwa.

#34 Bint Mkunazini
La, hapo sikubali. Hiyo itachukuliwa na kila shangazi kusema "umelikuza mwenyewe". Mie godoro lile nimelibeba kweli.

#35 Takwimu Kwanza
Dada, hakuna aliyesema hukulibeba. Waandishi wenyewe hawasemi wanaokumbuka wamezua, maana mambo mengi hayafiki mahakamani. Wanasema tiba ielekee kwenye kumbukumbu na maana yake, si kwenye faili tu.

#36 Nesi Zamu ya Usiku
Nami nasimama na Bint. Mgonjwa anayesema hakumbuki, mara nyingi ndiyo kwanza hajakuamini.

#37 Bakora Tatu
Nimewasoma wote na nina swali ambalo hakuna aliyeligusa. Nesi amesema robo tatu ya watoto wa Tanzania walipigwa. Kama kupigwa kunaharibu akili, mbona robo tatu ya nchi haipo wodini? Barabara zinajengwa, harusi zinafungwa, watu wanacheka. Nijibuni hilo bila ya San Diego.

#38 Takwimu Kwanza
Swali halali. Hatari kupanda si hukumu. Wavutaji wengi wa sigara hawapati saratani ya mapafu, na sigara bado ndiyo chanzo chake kikubwa. Na jambo likiwa la wengi, linakuwa gumu kulipima, maana wa kumlinganisha naye ni wachache.

#39 Nesi Zamu ya Usiku
Naongeza: wodini wanafika wachache sana. Mtu anayefukuzwa kazi kila mwaka kwa hasira, mama ambaye kichwa kinamuuma tangu ujana na vipimo vyote safi, kaka anayekunywa kila siku na anafika kazini. Hao hawana faili popote. Kaka wa mleta uzi ana faili?

#40 Mnyaturu wa Mkoani
Hana. Yeye anasema hana ugonjwa, ana kiu.

#41 Bakora Tatu
Mlevi ni mlevi. Bado hamjanishawishi, lakini huyo kaka aliyesimama mlangoni namheshimu. Mpe salamu zangu.

#42 Jiwe la Bismarck
Samahani kwa kuingia katikati. Niko Mwanza. Mdogo wangu wa kike ana hali kama ya huyo wa mwisho. Naanzia wapi?

#43 Nesi Zamu ya Usiku
Hospitali ya Bugando wana idara ya magonjwa ya akili. Kama mbali, anzia hospitali ya wilaya uombe rufaa. Akianza dawa za sonona zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, asiache kwa kuona hazifanyi kitu. Akitaja kutaka kufa usimwache peke yake, mpeleke siku hiyohiyo. Na kwa yeyote mwenye habari ya mtoto anayeteswa sasa hivi, namba ni 116, ni bure, Tanzania hata Kenya.

#44 Mtoto wa Nyarugusu
Mnyaturu, swali langu bado hujalijibu. Mdogo wako anaishije sasa?

#45 Mnyaturu wa Mkoani
Kweli, nililiruka. Anaishi kwangu, chumba cha nje. Hana shughuli. Chuo aliacha mwaka wa pili, mkopo ulikuwa mdogo na mimi wakati huo nilikuwa najenga. Mwaka huohuo baba alifariki, na yeye ndiye alikuwa anamuuguza. Sisi watatu hatukwenda mpaka siku ya maziko.

#46 Takwimu Kwanza
Kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyekaa na baba akiwa hana pombe kichwani?

#47 Mnyaturu wa Mkoani
Ndiyo. Miezi kadhaa. Waliongea nini sijui. Jumamosi kaka anakuja hapa, nimewaambia wote wawili tukae.

#48 Sauti ya Nyikani
Ukiwakalisha, kaka asiwe amekunywa. Fanyeni asubuhi.

#49 Mama Pacha
Na dada apigiwe simu asikilize. Akikaa karibu na mlango mwacheni.